Tanzia na Maana ya Kosa: Kutoka Thebes Hata Lalago

Neno tanzia lilikuwa limekwisha kuishi miaka mingi vinywani mwa Waswahili kabla ya kuingia darasani. Pwani, tanzia ni habari ya msiba: mjumbe hupelekwa kwa jamaa na marafiki kuwaarifu kwamba fulani amefariki dunia, na maziko yake ni saa fulani. Asili yake ni Kiarabu, ambamo neno hilo lina maana ya kuwafariji wafiwa na kuwapa rambirambi. Kwa hiyo wataalamu wa fasihi walipolichukua, katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakalifanya jina la mchezo wa kuigiza wenye kuhuzunisha, halikuja mikono mitupu. Lilikuja na jeneza. Jambo hili dogo la msamiati limekuwa na matokeo makubwa katika madarasa ya Tanzania, maana mwanafunzi aambiwapo kwamba mchezo fulani ni tanzia, kitu cha kwanza akitafutacho ni maiti.

Ufafanuzi unaoandikwa ubaoni ni mfupi, nao hukaririwa upesi. Tanzia ni tamthilia yenye mwisho wa majonzi, ambamo mhusika mkuu hupatwa na mikasa, na mara nyingi hufa. Ramsa ni kinyume chake. Hufuata melodrama, kisha futuhi, na hesabu imetimia. Zamani mafunzo ya namna hii yalikuwa ya vijana wachache waliobahatika kufika Tabora au Pugu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za sekondari za kata zilienea nchi nzima, na leo kijana wa Lalago, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, aweza kuketi darasani akafundishwa tanzia katikati ya nchi ya pamba na ng'ombe, mbali na pwani ambako neno lenyewe lilizaliwa. Nyumbani husema Kisukuma. Katika shule ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili. Masomo mengi ya sekondari huyapata kwa Kiingereza. Kwake yeye tanzia si habari ya msiba wa jirani, kama ilivyo kwa mtoto wa Bagamoyo, bali ni istilahi ya mtihani. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa istilahi isiyo na mizizi hukaa katika daftari tu.

Ufafanuzi ule haukosi ukweli kabisa. Lakini ukipimwa kwa tamthilia ambayo tangu Aristotle imehesabiwa kuwa kielelezo cha tanzia zote, waanguka mara moja. Tamthilia hiyo ni ya Sophocles, mshairi wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo, na wasomaji wa Kiswahili waijua kwa jina la Mfalme Edipode, katika tafsiri ya Samuel S. Mushi iliyotolewa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1971. Mji wa Thebes umepatwa na tauni. Mazao yakauka, mifugo yafa, na mimba za wanawake zaharibika. Mfalme, ambaye aliwahi kuuokoa mji huo, apeleka mtu kwa mungu Apollo kuuliza sababu. Jibu laja kwamba mwuaji wa mfalme aliyetangulia, Laius, yumo nchini, wala hajaadhibiwa. Edipode amlaani mwuaji huyo mbele ya watu wote na kuapa kumtafuta. Amtafuta kwa bidii, shahidi baada ya shahidi, mpaka ushahidi wamrudia mwenyewe: yeye ndiye aliyemwua Laius njiani bila kumjua, na Laius alikuwa baba yake, na malkia aliyemwoa ni mama yake mzazi. Malkia ajitia kitanzi. Edipode ajipofua macho kwa vishikizo vya vazi la malkia, lakini hafi. Mchezo hufikia mwisho yu hai, akiomba afukuzwe mjini. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta maiti ya shujaa hataipata hapa. Wala si hapa tu: Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake juu ya ushairi, azisifu pia tanzia ambazo mauaji yakaribia kutendeka, kisha yazuiwa dakika ya mwisho kwa kuwa dada amemtambua nduguye. Kifo, basi, si mpaka wa tanzia. Mpaka wake uko mahali pengine.

Jinsi darasa lilivyofika kwenye maiti badala ya kufika kwenye mpaka huo ni habari yenye historia. Wakati wa utawala wa Waingereza, tanzia ilisomwa kwa Kiingereza, nayo ilikuwa karibu jina jingine la Shakespeare, kwa kuwa mtihani ulitoka Cambridge. Mwaka 1963 Julius Nyerere, aliyekuwa mwanafunzi wa Tabora na mwalimu wa Pugu kabla ya kuwa Rais, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar. Akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Mushi naye alikuwa amekwisha kutoa Makbeth mwaka 1968, miaka mitatu kabla ya Mfalme Edipode; na yafaa kukumbuka kwamba mtu huyu aliyewatia Wayunani katika Kiswahili alikuja kuwa mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafsiri hao walithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuubeba mchezo mzito wa jukwaani bila kuinama mgongo. Lakini kutafsiri mchezo ni kazi moja, na kutafsiri elimu ya kuusomea mchezo ni kazi nyingine. Michezo ilitangulia, istilahi zikaja nyuma, moja moja, kila moja kwa njia yake. Jina la tanzia lilitoka msibani. Jina la mwenzake, ramsa, lilitoka katika shangwe na tafrija. Mtu akiyatazama mawili hayo pamoja, ataona kilio na kicheko, na huenda akadhani kwamba amekwisha kuona kila kitu.

Taabu hii haikuwapata Waswahili peke yao. Katika karne ya 10, mjini Baghdad, Abu Bishr Matta ibn Yunus alikitafsiri kitabu cha Aristotle kwa Kiarabu kutoka katika lugha ya Kisiria. Waarabu wa zama zile hawakuwa na michezo ya jukwaani ya namna ya Wayunani, lakini walikuwa na mashairi yasiyo na hesabu, na miongoni mwake sifa na kashifa zilikuwa bahari mbili kubwa. Basi tanzia ikaitwa ushairi wa kusifu, na ramsa ikaitwa ushairi wa kukashifu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliifuata njia hiyohiyo katika ufafanuzi wake, akatafuta mifano katika kasida za Waarabu na katika Kurani. Ni rahisi kuwacheka. Hata hivyo neno lao lilishika jambo moja ambalo neno la Kiswahili limeliacha, kwamba mtu wa tanzia ni mtu mkubwa, mwenye kustahili kusifiwa, na ukubwa wake ndio unaofanya anguko lake litishe. Neno la Kiswahili nalo limeyashika majonzi ambayo lile la Kiarabu liliyaacha. La ajabu ni kwamba neno lilelile la rambirambi limekuwa kwa karne nyingi, huko Iran, jina la mchezo wa kuigiza kuuawa kwa Husein huko Karbala mwaka 680, mchezo ambao watazamaji wake hulia machozi ya kweli. Hivyo Waswahili, yamkini pasipo kukusudia, walilipandisha jukwaani neno ambalo Waajemi walikuwa wamekwisha kulipandisha.

Istilahi za ndani ya tanzia zilipata bahati mbalimbali. Mgeuko, yaani mambo kupinduka ghafula kinyume cha matarajio, ni neno jepesi, tena lafaa. Mfano wa Aristotle ni mjumbe wa Corinth, ambaye aja kumwondolea Edipode hofu, na maneno yake ya faraja ndiyo yaifumbuayo siri. Utambuzi, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, nao wafaa. Na kwa Aristotle tanzia bora ni ile ambayo mgeuko na utambuzi huja pamoja, kama katika mchezo huu. Utakaso ni neno la ibada. Neno la Wayunani lilitumiwa na makuhani, na pia na waganga, ambao kwao lilikuwa na maana ya kuharisha tumbo, na wataalamu wa Ulaya wamegombana kwa karne kadhaa juu ya maana ipi Aristotle aliikusudia. Kiswahili kilichagua upande wa makuhani bila ugomvi wowote, na huenda adabu ya darasani ilihusika.

Istilahi iliyoharibika zaidi ni ile ya kosa la shujaa. Katika mafundisho mengi imegeuzwa kuwa dosari ya tabia: kiburi, tamaa, hasira, wivu. Mafundisho hayo yalitoka Uingereza pamoja na vitabu vya Shakespeare, kwa walimu waliopenda kuona katika kila anguko adhabu ya mwenendo mbaya. Na kwa kuwa Makbeth ana tamaa iliyo wazi, ilionekana kwamba kila shujaa lazima awe na ya kwake. Lakini neno alilolitumia Aristotle, hamartia, latokana na kitenzi cha wapiga mishale, kukosa shabaha. Na hapa Kiswahili kina neno lenyewe tayari. Mwindaji amekosa, mwenye hatia amekosa. Mshale uliopita kando na tendo lililopotoka huitwa kwa kitenzi kimoja. Mwalimu asemaye "kosa la shujaa" yuko karibu na Athens kuliko yule asemaye "dosari". Dosari hukaa ndani ya mtu hata akilala, kama ufa katika chungu. Kosa ni jambo alilolitenda akiwa macho, akilenga kitu kingine. Edipode alilenga kuukimbia uovu aliotabiriwa. Aliondoka Corinth asije akamwua mtu aliyemdhania kuwa baba yake, na njia aliyoikimbilia ndiyo iliyomkutanisha na baba.

Katika nchi ya Lalago mambo haya hayahitaji kuletwa kwa meli. Usukuma wa zamani ulijua maana ya nchi kuugua pamoja na mtawala wake. Ntemi alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua na rutuba ya ardhi. Ukame ulipozidi, macho ya watu yalimwelekea yeye, na maandishi ya Hans Cory ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yaeleza ibada na desturi zilizouzunguka utemi huo. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, mwaka uleule Kaizari aliposemeshwa Kiswahili, lakini wazo la mtawala na mvua halifutiki upesi kama cheo. Mwanafunzi wa Lalago asomapo kwamba watu wa Thebes walikwenda kuketi mbele ya jumba la mfalme, wameshika matawi mikononi, wakimlilia juu ya mazao na mifugo, hana haja ya maelezo marefu.

Iko pia hadithi. Wasukuma husimulia juu ya zimwi liitwalo Shing'weng'we, lililowameza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja tu mwenye mimba, aliyejificha katika rundo la makapi. Mwanamke huyo akazaa mtoto mwanamume, akaitwa Masala Kulangwa, jina ambalo lataja akili. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akaambiwa habari za zimwi, akatoka kwenda kulitafuta. Akarudi na panzi, akidhani amemwua Shing'weng'we. Mama akamwambia siye. Akarudi na ndege, siye. Akarudi na paa, siye. Hatimaye akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, wakatoka baba yake na jamaa zake na watu wote. Lakini kisu kilipokuwa kikipita kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwamo. Bibi huyo akakasirika mno, akamtukana kijana, akataka kumroga. Rafiki zake wakamlinda asidhurike. Mwishowe Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya bibi, na watu wote wakamfanya ntemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtawala.

Habari hii ikiwekwa pamoja na habari za Edipode, mfanano wake washtua. Edipode naye alikuwa kijana mwenye akili. Naye alikabili zimwi, lile lililowaangamiza watu wa Thebes walioshindwa kufumbua fumbo lake. Akalifumbua, zimwi likafa, na watu kwa shukrani wakamfanya mfalme. Katika habari zote mbili mama yuko karibu na kiti cha mtawala, Usukumani kwa heshima, Thebes kwa aibu. Na zaidi ya yote, katika zote mbili limo kosa kwa maana yake ya asili. Kisu cha Masala Kulangwa kililenga tumbo la zimwi, kikapata sikio la mtu. Kijana hakukusudia. Hakuwa na kiburi wala tamaa. Mwanafunzi akitafuta dosari ya tabia yake atatafuta mpaka kengele ilie. Hata hivyo sikio limekatika, na aliyekatwa ana haki ya kulalamika.

Lakini hadithi hii si tanzia, na mwalimu akisema kwamba ni tanzia atakuwa ameviharibu vyote viwili. Hadithi hukoma pale kijana atawazwapo. Mchezo wa Sophocles huanza miaka mingi baada ya kutawazwa. Zimwi lilikwisha kufa, shangwe zilikwisha kupoa, mfalme amepata watoto wanne. Ndipo jeraha lililosahauliwa lianzapo kunuka. Masala Kulangwa aliliona kosa lake siku ileile, kwa kuwa damu ilikuwa mbele ya macho yake, bibi alikuwa akipiga kelele, na dawa ilipatikana. Edipode hakuliona lake. Hapakuwa na mtu wa kumtukana, maana aliyepatwa na kosa hilo alikuwa amekufa njiani. Mpaka wa tanzia, ambao ufafanuzi wa ubaoni haukuufikia, uko hapo: kosa limechelewa kutambuliwa, hata siku litambuliwapo dawa yake imekwisha kupita wakati.

Liko jambo jingine katika hadithi ile ambalo darasa la Lalago haliwezi kulipita kwa wepesi kama lingepitwa mahali pengine, nalo ni yule bibi kizee. Kati ya mwaka 1970 na 1984 maelfu ya watu waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, hasa wazee, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameyachunguza na kuyaeleza kwa kirefu. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928, wala haikuyazuia. Njia ya mauaji hayo mara nyingi ilikuwa moja. Mtoto amekufa, au ng'ombe wamekwisha, au maradhi hayaondoki. Mwenye msiba aenda kuuliza kwa mfumu, kama Wasukuma wamwitavyo mganga na mwaguzi. Ramli yapigwa, na jibu laelekea kwa jirani au kwa ndugu, mara nyingi mwanamke mzee, pengine mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote.

Sasa msomaji na arudi Thebes. Huko nako uko msiba, iko safari ya kwenda kuuliza, liko jibu lisemalo kwamba mwenye kuuleta msiba yumo humuhumu nchini. Na jambo la kwanza alifanyalo Edipode ni lile lifanywalo na watu wote: amtafuta mwingine. Amshtaki Teiresias, mwaguzi kipofu, kwamba ameshiriki katika njama. Amshtaki Creon, shemeji yake, kwamba akitaka kiti, na yuko tayari kumwua. Mpaka hapo mchezo ni habari ya kawaida ya kumtafuta mchawi, na mtazamaji wa Usukuma aweza kuusimulia mwisho wake kabla haujafika. Kiufanyacho uwe tanzia ni kwamba mwulizaji haachi kuuliza. Malkia amsihi aache. Mchungaji mzee amsihi aache. Yeye aendelea, hata jibu lamgeukia. Hapa utambuzi huacha kuwa neno la daftari. Sophocles aliwaketisha maelfu ya raia wa Athens wamtazame mtu mwenye nguvu zote za kumwua aliyemshuku, ambaye alihoji mpaka akagundua kwamba mwenye kuuleta msiba ni yeye mwenyewe. Pengine hapana mchezo mwingine unaostahili zaidi kusomwa mahali ambapo jibu la ramli limewahi kuwa hukumu ya kifo kwa mtu asiye na mtetezi.

Istilahi nyingine ambayo hufundishwa kwa taabu, na ambayo ingeweza kufundishwa kwa urahisi, ni korasi. Kwa mwanafunzi asomaye kitabu kimya, korasi ni mzigo: wazee kumi na watano waingiao katikati ya mambo mazito na kuanza kuimba. Lakini Lalago imo katika nchi ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mapokeo yavihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, vikundi vya pande hizo mbili hushindana, kila kimoja na ningi wake, yaani manju atungaye na kuongoza nyimbo, wengine wakiitikia. Na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Nyimbo zenyewe si za kufurahisha tu, bali huyagusa pia mambo ya kilimo, ya viongozi na ya watu waliojitia aibuni. Tanzia za Athens nazo zilikuwa mashindano, katika sikukuu ya Dionysus, zenye waamuzi na tuzo, na wana korasi walikuwa raia wa kawaida waliofunzwa kuimba na kucheza kwa pamoja. Msomi wa Ulaya aliyezoea ukumbi wa giza na viti vya mahameli yuko mbali na jambo hili kuliko mwanakijiji wa Maswa. Itakuwa hasara kubwa korasi ikifundishwa kwa fasili peke yake, ningi asitajwe.

Ubishi juu ya mambo haya ulikuwapo mapema. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alionyesha shaka kama maonyesho mengi ya Kiafrika yastahili kuitwa tamthilia. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, waliichukua njia nyingine: badala ya kuomba ngoma na matambiko yaingizwe katika nyumba ya Wayunani, walijenga jina pana zaidi, sanaa za maonyesho, ambalo ndani yake tamthilia ya jukwaani ni chumba kimoja tu. Jina hilo limedumu, na lilistahili kudumu.

Wala waandishi hawakungoja ubishi uishe. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa ndivyo kwanza vimeanza, na Hussein aliwatahadharisha wasomaji kwamba mtu wa mchezo wake asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Mwenye kutafuta maiti atazipata nyingi, kwa kuwa watu walioyaamini maji wamekufa kwa risasi. Lakini moyo wa mchezo hauko hapo. Uko pale Kinjeketile anapotambua kwamba maneno aliyoyatoa akiwa amepagawa yameahidi kuwatoa watu mikononi mwa Mjerumani na kuwafanya watoto wa Seyyid Said, yaani kuwatoa katika utumwa mmoja na kuwatia katika mwingine. Amekosa, naye ajua. Lakini neno limekwisha kutoka, limeota miguu, limeyaunganisha makabila yaliyokuwa yakigombana, na watu waingia vitani bila kuingoja ruhusa yake. Mwishoni, akiwa kifungoni, atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema, wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania haki yao. Asiposema, ameliacha hai neno ambalo limewaua watu. Akataa kusema. Edipode hutambua, kisha hutangaza. Kinjeketile hutambua, kisha hunyamaza, na ni vigumu kukata shauri ni nani kati ya hao wawili aliyelipa zaidi. Baadaye Hussein alikwenda Berlin, akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki, iliyokamilika mwaka 1975. Mwaka 1988 alitoa Kwenye Ukingo wa Thim, mchezo wa mjane na ukoo wenye kugombea maiti ya kuzika, ambao msomaji wa Sophocles hawezi kuusoma bila kumkumbuka Antigone.

Michezo hii miwili ya Hussein ni migumu, na si kila kidato huifikia. Katika kidato cha tatu na cha nne imesomwa kwa miaka mingi Orodha ya Steve Reynolds, mchezo wa msichana Furaha aliyekufa kwa UKIMWI. Kwa ufafanuzi wa ubaoni kazi imekwisha kabla ya kuanza, maana maziko yapo mwanzoni kabisa. Lakini kiwasumbuacho watu wa kijiji chake si maiti. Ni orodha aliyoiacha, ambayo kila mwenye siri aogopa kwamba jina lake limo. Mwalimu wa Lalago akifika hapo aweza kuliuliza darasa lake ni nani miongoni mwa wahusika aliye tayari, kama Edipode, orodha isomwe hata kama italeta jina lake mwenyewe. Na akitaka kwenda mbali zaidi, aweza kuuliza habari za bibi kizee wa Shing'weng'we, ambaye hadithi humponya sikio lake lakini haimpi jina, wala haisemi alikuwa akiwaza nini siku ile watu walipomtawaza kijana aliyemkata.